Dera la Doti Moja na Keki ya Korosho: Kazi za Msimu kwa Watu wa Kusini

Ukipeleka doti kwa fundi wiki moja kabla ya sikukuu, hapa Mtwara jibu ni moja: "Acha tu hapo, dada, nitaangalia." Kanga yako inaungana na rundo, na sikukuu inakukuta huna nguo. Fundi hana kosa. Kuanzia Oktoba, minada ya korosho ikishafunguliwa na malipo yakaanza kuingia, kila nyumba inakumbuka yote iliyoyaahirisha tangu masika: sare za harusi, nguo za watoto, gauni la mama, yunifomu za Januari. Vyerehani vya mji mzima vinakesha na bado havitoshi.

Mimi nashona na kuoka nyumbani, na miaka imenifundisha kwamba kazi ya msimu hufanywa kabla msimu haujafika. Nguo ikatwe wakati fedha ni chache lakini muda upo. Jikoni ni kinyume chake: unasubiri shamba litoe, ndipo unaoka. Nitaeleza kazi mbili mpaka mwisho, yaani dera la kanga na keki ya korosho ya jiko la mkaa. Biskuti za ufuta na jamu ya mabibo, yaani tunda la mkorosho, nitazigusa njiani, kwa kuwa nazo zina wakati wake na watu wa Lindi hawatanisamehe nikiuruka ufuta.

Kalenda yetu

Huku kusini mvua ni ya msimu mmoja. Huanza Novemba au Desemba, hukatika Aprili, pengine Mei. Kuanzia Juni mpaka Oktoba ni kiangazi, kusi inavuma, nguo inakauka kabla ya adhuhuri na mikono haiachi jasho kwenye kitambaa. Hiyo ndiyo miezi ya kushona. Ufuta huvunwa Mei na Juni, ukaingia sokoni Juni na Julai. Korosho huanza kudondoka Septemba na kuendelea hadi Desemba, sehemu nyingine Januari. Mabibo huja pamoja nazo, maembe yakafuatia mvua zinapoanza.

Idi ndiyo haina mwezi wake katika kalenda hii. Kila mwaka inarudi nyuma siku 10 au 11. Mwaka 2026 Idi el Fitri imeangukia Machi, katikati ya mvua, na miaka inayokuja itazidi kusogelea fedha za korosho, mpaka 2030 ambapo Ramadhani itaanza mara mbili ndani ya mwaka mmoja, Januari na tena mwishoni mwa Desemba. Maana yake kwa mshonaji ni kwamba msongamano wa Krismasi, shule na Idi utakuwa mmoja. Atakayesubiri Desemba ndipo anunue kitambaa, atapata mabaki.

Ratiba yangu ni hii: kanga nanunua Juni au Julai, nafua na kukata Agosti, nashona Septemba. Oktoba nafunika cherehani na kuwasha jiko.

Kuchagua doti

Kanga ina sehemu tatu: pindo linaloizunguka, mji ulio katikati, na jina. Kwa dera la namna hii tutasimamisha kanga, upande mrefu uende kutoka begani hadi mguuni. Kwa hiyo picha yoyote yenye kichwa na miguu, kama mnazi, nyumba au tausi, italala ubavu. Chagua mji usio na juu wala chini: madoa, nyota, au lile ua lililopinda tunaloliita korosho. Mimi napenda korosho. Mchoro wake unapendeza ukitazamwa kutoka upande wowote, na kwa msimu wetu huna haja ya kueleza kwa nini umeuvaa.

Jina nalo litasimama ubavuni, likisomeka toka chini kwenda juu au toka juu kwenda chini. Kuna wasiopenda hilo. Kama unataka jina lilale chini likisomeka nyuma yako unapopita, dera hili si lako. Unahitaji gauni la kukata kiunoni, sketi kutoka kanga ya kwanza na juu kutoka kanga ya pili. Vyovyote vile, lisome jina kabla hujalipa. Kuna majina ya dua, ya shukrani, ya kumfunda bi harusi, na kuna majina ya mafumbo ambayo ukiyavaa kwenye shughuli ya wifi yako mtagombana.

Nenda dukani na futi kamba. Kanga kwa kawaida ina urefu wa sentimita 150 hivi na upana wa 110, lakini zipo zilizopunjwa. Pima zote mbili za doti. Kunja kanga katikati uone kama mapindo ya pande mbili yana upana sawa. Likizidi moja, shingo yako haitakaa katikati ya mji hata ukate kwa ustadi gani. Kisha ipandishe kwenye mwanga: ukiona nyuzi zimeachana kama chandarua, irudishe. Mwisho lowesha kidole, sugua sehemu nyekundu au nyeusi, ufute kwenye kitambaa cheupe. Kutoka rangi kidogo ni kawaida ya kanga mpya, lakini ikiacha doa zito, hiyo itaharibu hata shimizi utakalovaa ndani.

Kuogesha kanga

Shangazi yangu wa Mikindani, aliyenipa cherehani ya kwanza, alikuwa na kauli moja: "Mwanangu, kanga haikatwi kabla haijaoga." Nilimdharau mara moja tu. Nilikata dera la mteja kutoka kwenye kanga iliyotoka dukani siku ile ile, likamkaa vizuri, akashukuru. Alipolifua mara ya kwanza likapanda juu ya kifundo cha mguu na shingo ikavutika upande mmoja. Nilimnunulia doti nyingine kwa fedha yangu, na sikuona vibaya kulipa, kwa sababu kosa lilikuwa langu.

Kanga mpya ina wanga wa kiwandani unaoifanya isimame kama karatasi, na pamba ikilowa hujivuta. Loweka kila kanga peke yake kwenye maji baridi kwa saa moja, isukesuke, mwaga, rudia mpaka maji yatoke safi. Wengi hutia chumvi wakiamini inashika rangi. Kwa kanga ambayo rangi imeshachapwa kiwandani chumvi haisaidii kitu, kinachosaidia ni kusuuza. Anika kivulini ukiwa umeinyoosha kwa mkono, na ipigwe pasi ikiwa bado na unyevunyevu. Sasa pima tena. Vipimo utakavyotumia ni hivi vya baada ya kuoga. Kanga yangu ya mfano imebaki inchi 57 kwa 42.

Vipimo vitatu

Dera halihitaji vipimo vingi. Cha kwanza ni urefu: kutoka begani, pale shingo inapoanza, hadi sakafuni, kisha toa inchi 1 ili usiburuze vumbi. Mvaaji asimame na viatu atakavyovaa siku yenyewe. Cha pili ni mzunguko mkubwa zaidi wa mwili, uwe wa kifua au wa nyonga. Cha tatu ni mzunguko wa kichwa, ambacho watu husahau, halafu wanashangaa nguo haipiti.

Tuseme urefu umetoka inchi 53, nyonga 44, kichwa 22.

Kukata

Tandaza kanga ya kwanza sakafuni juu ya mkeka safi, uso wake ukitazama juu. Juu yake tandaza ya pili, uso kwa uso, mapindo yakae juu ya mapindo. Angalia majina: unaweza kuyaweka yote upande mmoja wa mwili, au moja kulia na jingine kushoto. Mimi nayaweka upande mmoja, yanajibizana mbele na nyuma. Bana kwa pini kila baada ya shibiri moja.

Sasa urefu. Inchi 53, ongeza nusu inchi ya mshono wa bega na nusu inchi ya upindo wa chini, jumla 54. Kanga ina 57, kwa hiyo zimezidi 3. Hapa ndipo wanaoanza wanapokosea: wanakata chini. Urefu ukizidi, kata juu. Pindo la chini ndilo linaloonekana unapotembea, ndilo linalofanya nguo ijulikane kuwa ni kanga, likipungua nguo nzima inakuwa kama shuka. Pindo la juu likipungua hakuna atakayejua, shingo italimeza. Ukanda uliokata usiutupe. Ni wa kujaribia mshono.

Pima upana wa juu, tafuta katikati, weka alama ya chaki. Kutoka hapo nenda inchi 3 na nusu kila upande: huo ndio upana wa shingo. Kwa nyuma shuka inchi 1 na nusu, kwa mbele inchi 5, uchore mviringo. Kata shingo ya nyuma kwanza kwenye kanga zote mbili kwa pamoja, kisha inua ya juu na ukate kina cha mbele kwenye moja tu. Pima mzunguko wa tundu kwa kusimamisha futi kamba pembeni yake. Usipungue kichwa na inchi moja juu, yaani 23 kwa mfano wetu. Ukipungua, ongeza kina cha mbele nusu inchi kwa nusu inchi, upime tena kila mara. Tundu dogo linakatika zaidi, tundu kubwa halirudi.

Mikono haikatwi. Upana wa kanga wenyewe, ukilala juu ya mabega, unafika karibu na kiwiko. Ndiyo sababu nalipenda dera hili kuliko mishono yote: mkasi unapita juu na shingoni tu.

Kushona

Kwa kanga tumia sindano namba 11 au 14 na uzi wa poliesta wa rangi ya mji. Ukikaa karibu na bahari, iwe Shangani, Mikindani au Lindi mjini, sindano iliyolala wiki kwenye cherehani imeshaanza kutu hata kama huioni. Itavuta nyuzi za kanga zikaacha mistari. Weka mpya. Tia mafuta ya cherehani, shona kwenye ukanda wa kujaribia mpaka uzi wa juu na wa bobini zikae sawa, ndipo uanze.

Mabega kwanza. Kanga ziko uso kwa uso. Anzia shingoni, nusu inchi kutoka ukingo, ukielekea mwisho wa mkono huku ukiteremka taratibu, ufike pembeni ukiwa inchi 1 na nusu chini ya ukingo. Bega la mtu limeteremka, nguo nayo iteremke, la sivyo itasimama kama mabawa karibu na masikio. Piga bandi kwanza, mvaaji ajaribu, kisha shona kwa mashine. Punguza kinachobaki, piga zigizaga au ovaloki, na kama cherehani yako haina hivyo, pinda kingo ndani ushonee kwa mkono.

Shingo ndiyo inayotofautisha kazi ya nyumbani na kazi ya haraka. Chukua kipande cha poplini cha rangi inayokubaliana, ukate ukanda wa mshazari, yaani kutoka pembe kwenda pembe, upana inchi 1 na robo, urefu inchi 26. Kitambaa cha mshazari kinavutika, kwa hiyo kitafuata mviringo. Ukikata cha kunyooka kitakunjamana na hakuna pasi itakayokisaidia. Anzia begani, uso wa ukanda kwenye uso wa nguo, robo inchi kutoka ukingoni, ukiuvuta ukanda kidogo sana. Ukimaliza, kata vijichale vidogo kuzunguka shingo bila kugusa mshono, geuza ukanda wote ndani, kunja ukingo wake, shonea. Piga pasi mara mbili: kabla ya kugeuza na baada ya kugeuza. Kwenye hatua hii usiwe mvivu wa pasi.

Kabla ya kufunga mbavu, maliza kingo zote nguo ikiwa bado bapa. Upindo wa chini kunja robo inchi, tena robo inchi, shona. Kingo ndefu za kanga hazifumuki kwa sababu ndivyo zilivyotoka kwenye mtambo wa kufuma, kwa hiyo midomo ya mikono inatosha kukunjwa mara moja.

Sasa mbavu. Geuza nguo, uso uwe nje. Chukua mzunguko mkubwa wa mwili, gawa kwa 4, ongeza inchi 3: 44 kwa 4 ni 11, na 3 ni 14. Kutoka mstari wa katikati pima inchi 14 kila upande, uchore mstari wa chaki kutoka chini ya kwapa, inchi 13 chini ya mshono wa bega, hadi nyongani. Kutoka nyonga uache mstari uende ukitanuka taratibu mpaka uguse ukingo karibu na magoti, ili hatua isibanwe. Juu, uunganishe na mdomo wa mkono: anza ukingoni, inchi 10 chini ya mshono wa bega, upinde kwa mviringo hadi kwenye kwapa. Bana kwa pini, valisha, mwambie mvaaji aketi, ainuke, anyanyue mikono kama anayeanika nguo. Kama hakuna kinachovuta, shona juu ya chaki kwa mshono mfupi, ukirudia mara mbili kwapani, maana hapo ndipo dera huachia. Kitambaa kilichobaki nje ya mstari ndicho kinachopepea ukitembea na upepo wa bahari.

Kanga ni nyepesi. Vaa shimizi ndani, hasa kama utaswali Idi uwanjani mapema, jua likiwa bado la chini na linapenya kila kitu.

Ufuta wa Juni

Wakati unanunua kanga, ufuta umeingia. Ufuta wa kununua kwa kilo sokoni mara nyingi una mchanga, na mchanga mmoja tu kwenye biskuti unaharibu sahani nzima. Mimina maji mengi, koroga, mimina ufuta na maji juu ya chujio huku mchanga ukibaki chini. Rudia mara tatu, anika. Kaanga bila mafuta mpaka uanze kurukaruka na kunukia, uutoe hapo hapo, ukiendelea unakuwa mchungu.

Gramu 125 za siagi piga na gramu 100 za sukari, tia yai 1, kisha gramu 250 za unga wa ngano, gramu 80 za ufuta na chumvi kidogo. Kata duara nyembamba, oka dakika 15 hivi. Zinakaa wiki mbili kwenye kopo linalofunga vizuri. Huko Newala na maeneo mengine ya juu ambako Julai kuna baridi, siagi itakuwa ngumu, iache karibu na jiko kwanza.

Korosho ya keki

Oktoba imefika. Onyo la kwanza ni la wageni na vijana wasiolelewa mashambani: korosho yenye ganda usiibangue jikoni. Ganda lina mafuta makali yanayounguza ngozi, na moshi wake ukiichoma unawasha macho na koo. Wanaobangua hufanya nje, upepo ukiwa mgongoni, na wanajua kujipaka majivu mikononi. Wewe nunua zilizokwisha kubanguliwa. Kilo moja ya kiini hutoka katika kilo 4 hadi 5 za korosho ghafi, na kazi yote ni ya mikono, kwa hiyo ukiona bei yake usinung'unike sana.

Usinunue nzima nyeupe kwa ajili ya keki. Omba vipande. Ladha ni ile ile, bei ni ndogo, na utazisaga hata hivyo. Tafuna moja kabla ya kupima: ya msimu huu ni tamu na inavunjika kwa mlio, ya mwaka jana iliyokaa vibaya ina harufu kama mafuta ya taa yaliyochuja. Zikiwa bado na ngozi nyekundu, zipashe kwenye kikaango kwa moto mdogo, ziache zipoe, zisugue kati ya viganja; ngozi itatoka, nayo usiiache kwani ina ukakasi.

Saga gramu 100. Korosho ina mafuta mengi, karibu nusu ya uzito wake, hivyo ukisaga kwa muda mrefu inageuka siagi. Changanya na vijiko viwili vya unga kutoka kwenye kipimo chako, saga kwa vipindi vifupi, au twanga kwenye kinu. Iwe kama chenga za ugali mbichi, isiwe laini sana.

Jiko

Oveni yangu ni sufuria kubwa lenye mfuniko bapa. Ndani naweka mchanga mkavu wa mto, kina cha vidole viwili. Wa ufukweni usiutumie, chumvi yake inakula alumini. Juu ya mchanga nalaza kigae au mfuniko mdogo, ili sufuria ya keki isiguse moto moja kwa moja.

Washa mkaa nje au kwenye banda lililo wazi. Usiingize jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, hata mvua ikinyesha: hewa yake ya sumu haina harufu na inaua.

Mkaa ukishashika majivu meupe, gawa: sehemu moja chini, sehemu mbili juu ya mfuniko. Keki nyingi za mkaa zinazoungua chini na kubaki mbichi juu zimegawiwa kinyume. Pasha sufuria dakika 15. Kisha nyunyiza unga kidogo kwenye kifuniko cha kopo, uweke ndani, funika, hesabu dakika 5. Ukiwa rangi ya kahawia hafifu, moto unafaa. Ukiwa mweusi, toa makaa ya chini. Ukiwa bado mweupe, ongeza juu.

Kuchanganya na kuoka

Kwa sufuria ya keki yenye upana wa sentimita 22 utahitaji siagi gramu 200, sukari gramu 180, mayai 4, unga wa ngano gramu 200, zile gramu 100 za korosho, vijiko 2 vya chai vya beking pauda, iliki 6 zilizotwangwa, chumvi kidogo, na mililita 100 za tui la kwanza la nazi, lile zito ambalo halijaongezwa maji mengi. Nazi ikunwe siku hiyo hiyo; tui lililolala kwenye joto letu linachacha.

Oka alfajiri. Hili silisemi kwa mazoea. Siagi na sukari vikipigwa pamoja vinashika hewa, na hewa hiyo ndiyo inayoinua keki, lakini saa nane mchana wa Novemba siagi ya Mtwara imeshakuwa mafuta na mafuta hayashiki hewa. Kama huna budi kuoka mchana, weka bakuli ndani ya beseni la maji baridi huku ukipiga. Piga kwa mwiko dakika 10 mpaka 12, mpaka rangi iwe nyeupe na sukari isisikike sana kidoleni. Tia yai moja moja, na kila moja lipotee kabla ya jingine. Mchanganyiko ukianza kuganda kama maziwa yaliyokatika, tia kijiko cha unga uendelee.

Chekecha unga, beking pauda na chumvi, changanya na korosho na iliki. Tia theluthi yake, kisha nusu ya tui, theluthi nyingine, tui lililobaki, na unga wa mwisho. Hapa koroga kidogo tu, kwa kugeuza kutoka chini. Ukikoroga sana keki itakuwa ngumu kama mkate. Mimina kwenye sufuria uliyopaka siagi na kunyunyiza unga, sawazisha, nyunyiza vipande vichache vya korosho juu.

Funika na usifungue kabla ya dakika 35. Najua harufu itakushawishi. Ukifungua mapema, hewa baridi inaingia na katikati inabonyea. Baada ya hapo tazama: kama juu bado ni nyeupe, ongeza makaa mawili matatu juu ya mfuniko, kama juu imeiva na katikati inatikisika, toa ya juu uache ya chini. Kwa kawaida inachukua dakika 45 hadi 55. Chomeka kijiti, kikitoka kikavu, epua. Iache ndani ya sufuria yake dakika 10, kisha igeuze kwenye ungo safi ipate hewa chini.

Kwa sababu ya tui, keki hii haikai muda mrefu. Siku mbili, ya tatu uwe mwangalifu, hasa mvua zikiwa zimeanza.

Mabibo

Bibo lililookotwa asubuhi likilala mpaka kesho limeharibika. Kwa hiyo jamu yake hupikwa siku hiyo hiyo. Osha, toa ncha zote mbili, kata vipande, chemsha kwenye maji ya chumvi dakika 15, mwaga maji hayo. Ule ukakasi unaokaba koo unapungua. Kamua, pima, tia sukari nusu ya uzito na maji ya ndimu moja, pika taratibu huku ukikoroga mpaka tone moja likikaa kwenye sahani lisitiririke. Ipake katikati ya keki, au katikati ya biskuti mbili za ufuta kama umeoka nyingine.

Maji ya bibo yana kasoro ambayo kila mama wa Lindi na Mtwara anaijua: yakidondokea nguo, doa linageuka kahawia na halitoki, si kwa sabuni wala kwa ndimu. Kwa hiyo siku ya kupika jamu na keki ya sikukuu, dera liache kwenye hanga chumbani, mlango umefungwa. Jikoni ingia na kanga ya zamani, ile iliyokwisha pauka, na uivue kabla hujaenda kulijaribu lile jipya mara ya mwisho.